Sura ya Nane: Vidonge vya Chumba Namba Nne

Mjane wa Mwalimu alifungua mlango kiasi cha kupitisha pua, akaiona sare, akataka kuurudisha. Inspekta alikuwa ameshatia kiatu.

"Nimeshahojiwa," mjane akasema. "Zaidi ya mara moja. Niacheni nilie."

"Nina maswali mawili tu, mama."

"Mume wangu kafa kwa bawasiri. Andika hivyo, uende zako."

Kituoni walimwita Inspekta huyu Bi Kwanini. Alijua, na hakuona tusi ndani yake. Aligeuka akatazama uani. Wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo walikuwa wameacha kuanika. Akamrudia mjane, akapandisha sauti kidogo.

"Sawa, mama. Tuongelee hapahapa mlangoni. Ile saratani ya marehemu, iliyokuwa kwenye njia ya..."

Mjane alimkamata mkono, akamvutia ndani kwa nguvu za mtu aliyesahau kuwa hajala tangu mazishi, kisha akabamiza mlango.

"Huna haya! Una mama wewe?"

"Ninaye. Ana sauti kubwa kuliko mimi."

Huo ulikuwa uchokozi, tena mbele ya mfiwa, lakini muda ulikuwa umebana. Kesho asubuhi muuguzi wa Chumba Namba Nne, ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, angepandishwa kizimbani kwa kosa la kusababisha kifo cha Mwalimu. Akipatikana na hatia angekwenda jela, na akitoka huko asingeshika tena sindano maishani mwake. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaifunga kesi kichwani, alichotaka ni Inspekta aifunge kwenye karatasi.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa pumzi moja. Hospitali kuu ilikuwa inajaribu dawa mpya ya saratani ya njia ya haja kubwa. Wagonjwa waliokwisha kupigwa mionzi walipewa vidonge vya kumeza nyumbani. Nusu yao walipata dawa halisi, nusu walipata chaki iliyofinyangwa na kupakwa rangi ileile, ili mwishoni ijulikane kama dawa inasaidia kweli au ni matumaini tu yanayosaidia. Nani kapewa nini, mgonjwa hakujua, muuguzi hakujua, hata daktari hakutakiwa kujua. Siri ilikaa kwenye kompyuta. Mwalimu alipokufa kwa kutokwa damu, siri yake ikafunguliwa, akakutwa ni wa chaki. Lakini damu yake ilikuwa na dawa halisi.

Kwa hiyo, akasema daktari bingwa, na mkuu wa kituo akaitikia, Sista alimbadilishia chupa. Mfagizi alikuwa amemsikia Sista akimfokea Mwalimu koridoni, "Nitakuua kabla ugonjwa haujakuua!" Inspekta aliuliza Sista angejuaje chupa ipi ina dawa na ipi ina chaki. Mkuu akajibu kwamba alibahatisha. Na Sista mwenyewe, tangu akamatwe, alikuwa hajajibu swali hata moja, jambo ambalo mkuu alilipenda kwa sababu lilipunguza kuandika.

"La kwanza," Inspekta akasema. "Damu ya marehemu ilikuwa pia na dawa ya kuzuia damu isigande. Hizo mbili zikikutana, mtu anavuja hadi anakwisha. Daktari anasema hajui hiyo ya pili ilitoka wapi. Labda marehemu aliinunua mwenyewe dukani."

Mjane alikaa. "Daktari kasema hivyo? Huyuhuyu bingwa?"

"Huyohuyo."

"Mwongo mkubwa yule! Mguu wa Mwalimu ulivimba ukawa kama gogo. Nikampeleka mimi mwenyewe. Daktari akatoa hizo dawa kwenye droo ya meza yake, macho yangu haya yanaona. Akamwambia, 'Mwalimu, wenzako wa chumba kile siwezi kuwapa hizi, lakini wewe unaweza kumeza bila wasiwasi. Usimwambie mtu.' Mwalimu akatoka pale anatabasamu."

"Maneno hayohayo? Wewe unaweza?"

"Sijatia chumvi hata punje."

"Mbona hukusema mwanzoni?"

"Mlikuja askari watatu na viatu vyenu mpaka kwenye mkeka wangu, mkaniuliza kama Sista na mume wangu walikuwa na ugomvi. Nani aliniuliza habari ya mguu?"

Inspekta alipita hapo haraka. "La pili. Chupa yake ya vidonge vya utafiti inanuka kahawa. Humu ndani nani anakunywa kahawa?"

"Hakuna. Ilikuwa inamchoma tumbo, nikaipiga marufuku. Lakini vidonge vyenyewe vilikuwa vinakuja na harufu hiyo. Nikadhani dawa ndivyo ilivyo." Mjane akainuka kuonyesha kwamba maswali mawili yamekwisha. "Ukiulizwa hapo uani, ni bawasiri."

"Ni bawasiri," Inspekta akakubali.

Hakuwa amefika barabarani simu ikaita. Alikuwa mkemia wa maabara ya serikali, mtu ambaye hakuwahi kumpenda Inspekta na leo alikuwa na sababu mpya.

"Mlinipa chupa mkasema nipime kidonge kimoja, nikapima kimoja, kikawa dawa halisi. Tukamaliza. Wewe ukaja kunilazimisha nipime chupa nzima, nimepoteza mapumziko yangu yote. Haya, sikia. Karibu nusu ni dawa, nusu ni chaki. Vimechanganyika ovyo. Na usiniulize kwa nini."

"Kwa nini?"

Mkemia alikata simu. Inspekta alibaki amesimama kando ya barabara, gari la taka likampigia honi mpaka akasogea. Anayebadilisha chupa hubadilisha chupa nzima. Hakuna mwizi wala muuaji anayekaa chini kuchambua nusu ya dawa na nusu ya chaki, tena vitu ambavyo kwa macho havitofautiani. Hapa palikuwa na mtu aliyemwaga na kukoroga.

*

Ofisi ya daktari bingwa ilikuwa na viti viwili vya wageni, vyote vimejaa mafaili, naye hakuondoa hata faili moja. Inspekta aliongea amesimama.

"Ulimpa Mwalimu dawa ya kuzuia damu isigande."

"Maelezo yangu unayo. Niliandika kwamba..."

"Kwamba hujui ilitoka wapi. Ilitoka kwenye droo hiyo. Mke wake alikuwa amekaa hapo, wakati viti vyako vilipokuwa bado viti."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanamke mwenye msiba huchanganya mambo."

"Naomba unisomee tangazo lililo nyuma yako."

Daktari hakugeuka. Tangazo lilikuwa la wino mwekundu, la kusomeka tangu mlangoni, likionya kwa majina ya kitaalamu, ambayo Inspekta aliyajua kwa ripoti ya maabara, kwamba dawa ya utafiti na dawa ya kuzuia damu isigande zisikutane katika mwili mmoja.

"Nimeliandika mimi," akasema.

"Ndiyo maana nauliza. Kila mgonjwa wa Chumba Namba Nne huenda anameza dawa halisi, na wewe hutakiwi kumjua. Mgonjwa kaja na mguu umevimba. Unafanyaje?"

"Namlaza wodini, anachomwa sindano ya aina nyingine ambayo haigombani na yetu."

"Mwalimu hukumlaza."

"Wodi ilijaa."

"Ukamwambia wenzako siwezi kuwapa, wewe unaweza. Daktari, wanaoweza kusema maneno hayo ni wawili tu, mjinga au mtu anayejua siri. Na mimi sijakuona mjinga."

"Nashukuru."

"Bado nasubiri."

Mhudumu aligonga mlango, akaingiza kichwa. Daktari akamfukuza kwa kidole. 

"Nilifungua siri yake," daktari akasema mwishowe. "Kanuni inaruhusu, maisha yakiwa hatarini."

"Na inakutaka uripoti."

"Nikiripoti, mgonjwa anatolewa kwenye hesabu. Unajua ninavyowapata wagonjwa hawa? Kwa tochi! Wanaona aibu, wanajificha nyuma ya bawasiri, wanakuja kwangu mambo yameshaoza. Wakipungua kidogo tu, wafadhili wanakifunga chumba. Nikanyamaza. Lakini hebu fikiri, kama unaweza." Sasa ndiye aliyekuwa akisogea mbele. "Nilikuta ni wa chaki. Mtu wa chaki ile dawa ya mguu haimdhuru kitu. Aliyemuua ni yule aliyempa dawa halisi nyuma ya mgongo wangu. Umekuja kumtoa Sista, umemdidimiza."

Hilo lilikuwa na ukweli ndani yake.

"Chupa yake ilikuwa na mchanganyiko. Nusu kwa nusu."

"Basi Sista alichanganya."

"Ili iweje?"

 Ilionekana kwamba swali hilo lilikuwa jipya kwa daktari na kwamba hakupenda kulipokea kutoka kwa askari. "Wagonjwa wangu wanafuata maelekezo," akasema. "Lakini nikigundua kuna mmoja amechezea vidonge, huyo anatoka kwenye utafiti leo hiihii, chupa yake naichukua kwa mkono wangu. Kanuni haina shangazi wala mjomba."

"Na aliyefungua siri akanyamaza, halafu akamsingizia muuguzi wake, kanuni inamfanyaje?"

"Toka ofisini kwangu."

*

Mlango wa Chumba Namba Nne ulikuwa na kibao kilichoandikwa Kliniki ya Tumbo, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuonekana akiingia mlango wenye jina la kweli. Ndani palikuwa na viti vya plastiki vigumu, vimepangwa na mtu ambaye bila shaka hajawahi kuugua huko. Wagonjwa wachache walikuwa wamekalia mito ya duara yenye tundu katikati, yote ya kitambaa kimoja cha maua. Wengine walisimama wameegemea ukuta. Ilikuwa siku ya kurudisha chupa za zamani ili mabaki yahesabiwe, na kila mmoja alikuwa na yake mkononi.

Inspekta alivuta kiti akaketi. Mazungumzo yalikatika.

"Kaa tu," akasema mzee mrefu aliyesimama karibu na dirisha, dereva wa malori mstaafu ambaye wenzake walimwita Dereva. "Kaa kabisa, jinyooshe. Wewe unaweza."

Inspekta akasimama.

"Nimekuja kwa ajili ya Mwalimu."

"Mwalimu tumeshamzika."

"Na Sista hamjamzika, lakini mko njiani. Naomba chupa yako, mzee. Ninuse."

"Umekuwa mbwa?"

"Leo, ndiyo."

Dereva aliitupa kwake kwa dharau ya mtu anayejua hesabu ya chupa yake imekamilika. Inspekta alifungua kifuniko, akanusa. Akamwendea mama wa pembeni, akanusa. Akamwendea aliyefuata, naye akanusa yake. Kisha alikwenda kufunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Kahawa," akasema. "Chumba kizima."

 Macho mawili matatu yalikwenda mahali pamoja, kwa mwanamke mnene wa makamo aliyekuwa pembeni akishona mto mwingine wa maua. Huyo walimwita Fundi. Cherehani yake ilikuwa imelisha watoto na wajukuu kabla ugonjwa haujamkataza kuikalia, sasa alishona kwa mkono akiwa amejilaza ubavu kwenye benchi. Miguuni pake palikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba ulionekana ukingo wa kopo la bati la kahawa.

"Mama, naomba ufungue mkoba."

"Una kibali cha mahakama?"

"Sina."

"Basi sifungui." Fundi alikata uzi kwa meno.

"Usifungue. Nitasema mimi, mnikosoe nikikosea. Mwalimu alifundisha hesabu maisha yake yote. Akawaambia, nusu yetu tunameza chaki na hatujui ni nani. Tukivimwaga vyote kwenye kopo moja, tukakoroga, tukagawana idadi ileile, hakuna atakayemeza chaki tupu. Kila mmoja atapata dawa kidogo. Na chupa zikihesabiwa, hesabu itatimia."

"Unaongea sana, dada," Dereva akasema.

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea," Fundi akasema, bila kuinua macho. "Ila hakusema kwa hesabu. Alisema hawezi kukaa chumba kimoja na mtu anayemeza chaki, halafu amuulize hali."

"Fundi!" Dereva akafoka. "Funga mdomo!"

"Ameshajua, nifunge nini?"

"Anajua, lakini hana maandishi!" Dereva aliondoka dirishani akaja mpaka usoni kwa Inspekta. Alitembea kwa uangalifu, miguu imeachana. "Sikiliza wewe. Unajua kilichotuleta hapa? Taja ugonjwa wetu."

"Saratani ya njia ya..."

"Mkundu! Sema, haing'ati. Mke wangu hawezi kulitaja, watoto wangu hawawezi, shehe na padri hawawezi, wote wanasema mzee ana tumbo. Miaka miwili nakula nimesimama kama punda. Jumapili hii nilikaa. Nilikaa mezani na wanangu, nikala, nikamaliza, nikabaki nimekaa. Mke wangu akakimbilia jikoni kulia. Sasa wewe unataka uandike kakaratasi kako, tutolewe, nirudi kusimama."

"Sista anaweza kufungwa."

"Sista ni mzima! Akifungwa, iko siku atatoka. Mimi nikitolewa humu natokea makaburini."

 Kijana mmoja mwenye tai, aliyekuwa na haya hata ya kutazamwa, alitikisa kichwa kukubali. Inspekta aliwatazama mmoja mmoja, nao wakamrudishia macho makavu.

"Mmeambiwa Mwalimu alikufaje?" akauliza.

"Ugonjwa."

"Siyo ugonjwa. Mwalimu alikuwa wa chaki. Daktari aliifungua siri yake kimyakimya mguu ulipovimba, akaona ni wa chaki, akampa dawa ya mguu ambayo mtu wa chaki anaimeza bila shida. Mtu mwenye dawa halisi mwilini haimezi, inamuua. Daktari hakujua habari ya kopo. Na Mwalimu hakumwambia, kwa sababu angewaponza ninyi. Akameza ya mguu, akameza na zenu."

 Sindano ya Fundi ilisimama.

"Alijua?" kijana wa tai akauliza. "Kwamba yeye ni wa chaki?"

"Daktari alimwambia, wenzako siwezi kuwapa, wewe unaweza. Mtu wa hesabu hashindwi hapo. Kwamba zikikutana zinaua, hilo sidhani kama alilijua."

"Alijua kuwa ni wa chaki," Fundi akasema. Aliinuka taratibu mpaka akawa amekaa, jambo ambalo lilimkunja uso. "Siku hiyo alikuja hapa kachangamka, anachechemea na mguu wake. Akaniambia, 'Fundi, leo koroga vizuri.' Nikamtania, nikamwambia mimi nakoroga uji wa harusi, sembuse hivi. Nikakoroga vizuri. Nikamjazia chupa kwa mikono hii."

"Fundi, usianze," Dereva akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Afande, toa kalamu. Andika kwamba mimi na Mwalimu tulichanganya vidonge vyetu. Watu wawili, yeye na mimi. Nilikoroga mimi, kwenye kopo langu. Sista hakushika, na hawa wengine hawakujua kitu."

"Mama, chupa zao zinanuka..."

"Zinanuka nini? Wewe una mafua. Tangu uingie unavuta makamasi."

Inspekta alikuwa mzima kabisa, pua wazi kama mlango wa soko. Alitazama chumba. Dereva alikuwa ameangalia sakafu, na kijana wa tai alikuwa akifungua na kufunga kifuniko cha chupa yake. Kama kuna mmoja wao aliyetaka kusema neno, huu ndio ulikuwa wakati wake.

"Mafua ninayo," Inspekta akasema, akatoa kalamu.

Fundi alieleza kwa kifupi, akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, akamkabidhi kopo. Alipojilaza tena, Dereva aliokota mto wake kutoka kwenye benchi lile na kuuhamishia upande wa pili wa chumba. Hakumtazama Fundi. Alimtazama Inspekta.

"Umepata chako," akasema. "Toka."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo ya Fundi kwa uso wa mtu aliyeambiwa arudie mtihani. Alimpigia simu daktari bingwa, simu ikawekwa sauti ya juu, daktari akafungua siri ya Fundi kwenye kompyuta yake. Dawa halisi. Yote yakakaa sawa. Mmoja wa dawa, mmoja wa chaki, wamechanganya nusu kwa nusu, kama mkemia alivyokuta.

"Huyo mwanamke anatoka kwenye utafiti sasa hivi," daktari akasema kwenye simu. "Naenda kuchukua chupa."

"Na wewe kufungua siri ya Mwalimu?" Inspekta akauliza.

"Hilo litakwenda kwa madaktari wenzake," mkuu akasema haraka, akazima simu. "Tusijitie kwenye mambo ya kitaalamu. Umetaka Sista atoke, kamtoe. Na kesho nitaeleza nini kwa mwendesha mashtaka, sijui."

"Mweleze kwamba tulibahatisha."

Inspekta alitoka kabla hajajibiwa. Alichukua funguo kwa askari wa zamu, akapita koridoni, akafungua mahabusu ya wanawake. Sista alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, sare yake nyeupe imeshakuwa ya rangi ya sakafu.

"Toka. Umeachiwa."

Sista hakuinuka. "Nani kasema?"

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kituoni hapo. Inspekta aliegemea nondo.

"Mbona huulizi kasema nini?"

Sista alivitazama viatu vyake vilivyokuwa pembeni.

"Ulijua habari ya kopo."

"Nililikuta. Ndiyo siku niliyomfokea Mwalimu, na nilikuwa na haki ya kumfokea. Halafu nikaenda nyumbani, nikalala, sikumripoti mtu. Nani kasema?"

"Ungefungua mdomo siku ya kwanza usingelala hapa."

"Na wao wangelala wapi? Wewe umewahi kumwosha mtu wa ugonjwa ule, umfunge kitambaa kama mtoto, naye anakuomba radhi? Usinifundishe mdomo wangu nifungue lini." Sasa alikuwa amesimama. "Nimekuuliza mara ngapi? Nani?"

"Fundi. Kajitwisha mwenyewe, yeye na marehemu. Wengine wote wamebaki. Hakuna mwingine aliyetajwa."

Inspekta alisema hivyo akitegemea ahueni. Sista alimkodolea macho, kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Yule ndiye aliyepona," akasema.

"Vipi?"

"Wenzake wanapata nafuu, kidogo kidogo. Yule peke yake uvimbe umekwisha. Umekwisha kabisa, kinachomuuma akikaa ni makovu ya mionzi tu! Nimempima mimi kwa vidole vyangu, daktari mwenyewe hajayasoma majibu bado. Alibakiza kumalizia dozi ili saratani isirudi, basi. Akiikatiza hapa inarudi, na ikirudi, mionzi haipigwi mara ya pili."

"Yeye anajua?"

"Ningemwambia asubuhi ile. Nilikuwa naelekea chumbani, nimeshika majibu. Mkanikuta koridoni na pingu zenu."

Mlangoni mwa korido askari wa zamu alikuwa akiuliza kama afunge au aache wazi. Inspekta alimpungia mkono aondoke.

"Daktari ameshakwenda kuchukua chupa," akasema.

"Najua. Ndivyo kanuni ilivyo." Sista aliokota viatu vyake, akavivaa bila kuketi, akampita Inspekta kwa bega bila kumwomba njia. Koridoni alisimama, akageuka.

"Haya, twende."

"Wapi?"

"Kwa Fundi. Utamwambia wewe kwamba alikuwa amepona. Mimi nitasimama pembeni, nikusikilize."